Soma Mteremko Kabla ya Kununua Mche

Panda matatu Mitunguu asubuhi, kabla jua halijaanza kuuma, uelekee Nkubu. Dirishani utaona migomba ya kunyunyiziwa maji, kisha mahindi na miembe, kisha kahawa ya kwanza kwanza, nyembamba, majani machache. Ukikaribia Nkubu kahawa imeshanenepa na imeshika pande zote mbili za barabara. Badilisha gari, panda tena kuelekea Kinoro, na utafika mahali kahawa na chai zinakaa ndani ya boma moja. Mbele kidogo kahawa inakoma. Chai peke yake inaendelea mpaka ukingoni mwa msitu wa Kirimara, yaani Mlima Kenya.

Aliyezaliwa huku haoni ajabu yoyote katika safari hiyo, na hapo ndipo makosa yetu mengi yanapoanzia. Kwa muda wa asubuhi moja umepita katika nchi tatu tofauti za kilimo, lakini mtu wa chini na mtu wa juu watakutana Nkubu siku ya soko, wanunue miche ya aina moja kutoka kwa muuzaji mmoja, na kila mmoja aende kupanda kwake kana kwamba mlima ni tambarare.

Wakulima wa zabibu wa Burgundy, Ufaransa, wana neno linalobeba pamoja udongo, mwinuko, jua, upepo na mazoea ya mikono ya watu wa mahali: teruwa. Kwao, ukivuka njia tu kutoka shamba hadi shamba, divai ya zabibu ileile ya Pinot Noir hubadilika jina na bei. Mwaka 2015 UNESCO iliviingiza vipande hivyo vya mashamba katika orodha ya Urithi wa Dunia. Meru na Embu zao letu la kujivunia ni kahawa, na kahawa ya Arabika ina tabia hiyohiyo ya kusema ilikotoka. Ikweta inapita jirani na mji wa Meru, kwa hiyo baridi yetu haitokani na majira, inatokana na kupanda juu. Kila ukipanda mita 100, hali ya hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Tunda likikaa kwenye baridi huiva polepole, punje hukazana, na ladha hupata muda wa kujijenga ndani yake.

Sasa tuingie shambani. Nitazungumza na mwenye ekari moja au robo ekari, kwa sababu ndio wengi wetu.

Kabla ya kuuliza aina ya mche, jua umesimama wapi. Simu nyingi za siku hizi zina programu ya kuonyesha mwinuko. Itumie, lakini usiiamini peke yake, kwa maana mimea ya jirani inasema kweli zaidi. Kama ukitazama juu unaona chai kwenye tuta linalofuata, uko ukanda wa juu wa kahawa, takriban mita 1,600 na kuendelea. Kama umezungukwa na kahawa, ndizi na makadamia, na chai huioni mpaka upande gari, uko katikati. Ukiona miembe inazaa vizuri na majirani wanalia ukame kila Februari, uko chini, ambako kahawa inaishi kwa kuvumilia. Kwa watu wa Embu, picha ni hiyohiyo: anzia Kianjokoma penye chai, shuka mpaka Manyatta na Runyenjes, kisha endelea kuteremka kuelekea Mbeere mpaka kahawa ikukimbie.

Pili, chimba. Usitosheke na kukwangua juu kwa jembe. Chimba shimo la kimo cha kifua, angalau mita moja na nusu, na uliache wazi siku moja likauke kidogo. Udongo mwekundu wa volkano wa miteremko hii ni utajiri, na una alama yake: ukivunja bonge kwa vidole, linagawanyika kuwa vipande vidogo vya umbo la kokwa vyenye nyuso zinazong'aa kama zimepakwa nta. Ukiona hivyo mpaka chini, mizizi ya kahawa itashuka bila kizuizi na itapata maji hata mvua ikichelewa. Ukikuta changarawe au mwamba kwenye sentimita 60, shamba lako litakauka mapema hata kama liko juu. Ukikuta madoa ya kijivu na kutu, maji yanatuama hapo. Panda nduma, kahawa itaoza mizizi.

Asidi ya udongo pia si ya kubahatisha. Kahawa inapenda pH kati ya 5 na 6 hivi, na miaka mingi ya mbolea za viwandani imeshusha mashamba mengi chini ya hapo. Tembea shamba zima kwa mwendo wa zigizaga, chota udongo wa sentimita 20 za juu mahali kumi au zaidi, changanya kwenye ndoo safi, na upeleke nusu kilo maabara. Kama udongo umechacha, chokaa ya kilimo itakurudishia faida zaidi kuliko mfuko mwingine wa mbolea, kwa sababu mbolea hiyo mti hauwezi kuila vizuri.

Tatu, angalia maji na hewa vinavyotembea. Mvua zetu hutoka Bahari ya Hindi na kugonga mlima kutoka mashariki na kusini-mashariki. Ndiyo maana Imenti Kusini na Embu ya juu ni kijani, na Timau, iliyo mgongoni mwa mlima, inalima ngano. Ndani ya shamba moja pia kuna tofauti. Bonde la chini karibu na mto hupokea hewa baridi usiku, na asubuhi umande hukaa majanini mpaka saa nne. Mgongo wa tuta hukauka mapema. Amka siku tatu mfululizo, saa moja asubuhi, utembee shambani kwa suruali nyepesi. Mahali inapolowa zaidi ndipo ugonjwa utakapoanzia.

Hapo ndipo penye kiini cha uchaguzi wetu, kwa sababu maadui wawili wakubwa wa kahawa wamegawana mlima. CBD, ugonjwa wa matunda ya kahawa ambao wenzetu wa Tanzania wanauita chulebuni, inapenda baridi na unyevu, kwa hiyo inatawala juu. Inashika tunda likiwa bado kijani, inaweka doa jeusi lililobonyea, na tunda linakauka likiwa tupu. Wiki hatari zaidi ni kuanzia ya 4 hadi ya 14 baada ya maua. Kutu ya majani inapenda joto, kwa hiyo inatawala chini. Geuza jani utaona unga wa rangi ya chungwa, na baada ya muda mti unabaki uchi. Katikati wote wawili wanakuja kwa zamu.

Mama yangu ana vipande viwili vya kahawa kwenye tuta moja, kimoja juu karibu na chai na kingine kule chini aliporithi. Miaka yote vyote vilikuwa vya kahawa ya aina ya SL28, na miaka yote alipiga dawa ileile kwa tarehe ileile. Juu matunda yalikuwa meusi, chini majani yalidondoka, na yeye akiamini kwamba dawa ni bandia. Dawa ilikuwa sawa. Alikuwa anatibu magonjwa mawili kwa ratiba ya ugonjwa mmoja.

Basi, aina. SL28 ni binti wa mbegu iliyotoka Monduli, Tanganyika, mwaka 1931, ikasifiwa kwa kuvumilia ukame, na maabara ya Scott kule Kabete ikachagua mti wake katika miaka hiyo ya 1930. Herufi SL ni za Scott Laboratories. Miti yake huishi mno; ipo ya miaka 60 na zaidi ambayo bado inazaa. Kikombe chake kina uchachu angavu wa matunda, na ndicho kilichoipa kahawa ya Kenya jina duniani. SL34 ilichaguliwa kutoka mti mmoja wa shamba la Loresho, nayo inapendelea juu kwenye mvua ya kutosha. Ukitaka kuzitofautisha, tazama machipukizi: ya SL34 kwa kawaida yana rangi ya shaba, ya SL28 mara nyingi ni kijani. Zote mbili hazina kinga dhidi ya CBD wala kutu. K7 ni ya mashamba ya chini, inajitetea kiasi dhidi ya kutu.

Mwaka 1968 CBD iliangusha kahawa ya nchi hii vibaya sana, na kutokana na kilio hicho watafiti wa Ruiru walianza kutafuta kinga. Ruiru 11 ilitoka katikati ya miaka ya 1980: fupi, inakaa kwa kubanana, inaanza kuzaa mapema, inahimili CBD na kutu. Mwaka 2010 ikaja Batian, iliyopewa jina la kilele cha juu kabisa cha mlima wetu, mita 5,199. Batian ni mrefu kama SL, huanza kuzaa mwaka wa pili, punje zake ni kubwa, na ndani yake kuna damu nyingi ya SL28 na SL34 pamoja na kinga iliyotolewa kwingine.

Kwa hiyo ningefanya hivi. Ukanda wa juu, penye umande mzito, ningepanda Batian bila kusitasita. Baridi itatengeneza ladha, na aina itakuokoa na dawa. Watafiti wamekadiria kwamba kuzuia CBD na kutu kwenye aina za zamani kunaweza kumeza hadi asilimia 30 ya gharama za uzalishaji, na mama wa robo ekari hana fedha hizo mwezi wa Mei shule zinapofunguliwa. Ukanda wa kati, kwenye udongo wenye kina na mgongo unaokauka mapema, SL28 bado inastahili nafasi kama una uwezo na nidhamu ya kupiga dawa kwa wakati. Nasema nidhamu kwa makusudi. Kupiga dawa mara tatu badala ya saba ni kutupa fedha za mara tatu. Ukanda wa chini, Ruiru 11 inapandwa sana kwa sababu inahimili kutu, lakini mizizi yake haishuki sana na kiangazi huitesa. Huko itafute iliyobebeshwa juu ya shina la SL28, au panda Batian na uweke matandazo mazito na miti ya kivuli, grivilea au makadamia, iliyo mbali mbali.

Wapo wanunuzi wanaoidharau Ruiru 11 kwa jina tu. Mimi nimeshaonja Ruiru 11 ya juu iliyochumwa vizuri ikaipita SL28 iliyochumwa na matunda mabichi. Jina la aina halitamwokoa mtu anayechuma ovyo.

Nafasi za kupanda zinategemea aina. SL hupewa futi tisa kwa tisa, miti kama 540 kwa ekari. Ruiru 11 hukaa kwa mita mbili kwa mbili, karibu miti 1,000. Batian ni mpana, usimbane kama Ruiru 11 kwa tamaa ya idadi. Mashimo ni futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini, yachimbwe miezi mitatu kabla ya mvua. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine, kisha urudishe ule wa juu ukiwa umechanganywa na debe moja la samadi iliyoiva na mbolea ya fosfeti. Upande huu wa mlima mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, hasa ukishuka chini, kwa hiyo mashimo ya Julai ndiyo yanayonipa usingizi.

Kuhusu miche, nisikilize vizuri maana nilishaumia. Nilinunua miche 120 kando ya barabara, nikaambiwa ni Ruiru 11. Ilikuwa na afya, bei nafuu. Baada ya miaka miwili, mingine ilikuwa mirefu, mingine mifupi, na mvua kubwa ilipokuja mingine ikashikwa na CBD kama SL yoyote. Mzee jirani alikuja akaizunguka na fimbo yake, akaniambia, "Mwanangu, uliuliza mche jina, hukuuliza mama yake."

"Ni kweli, mzee," nikamjibu, na sikuwa na la kuongeza.

Alikuwa amelenga penyewe. Ruiru 11 ni mseto: mbegu yake hutengenezwa kwa kuchavusha maua kwa mkono, mama na baba wakiwa wanajulikana. Ukiokota mbegu chini ya mti wa Ruiru 11 na kuiotesha, watoto hutawanyika, kila mmoja na tabia yake. Batian si mseto wa aina hiyo, mbegu yake hutulia zaidi, lakini hata hiyo huchafuka ikichavushwa na SL za jirani. Nunua kwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa ya KALRO, iliyoko Ruiru na yenye kituo Mariene huku Meru, au kwa kitalu kinachotambuliwa rasmi, na udai risiti inayotaja aina. Kisha paka alama ya rangi kwenye mti wa kwanza wa kila mstari, uandike kwenye daftari. Miaka kumi baadaye hakuna atakayekumbuka.

Kabla hujang'oa kahawa ya babu, subiri. Serikali ya kikoloni ilikubali Waafrika wa Embu, Meru na Kisii walime kahawa kwa majaribio katika miaka ya 1930, na baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 upandaji ukasambaa. Mizizi ya SL iliyopandwa wakati huo imeshajua kila ufa wa udongo wako. Ukiing'oa unatupa zaidi ya nusu karne ya kazi. Bebesha juu yake. Karne ya 19, mdudu filoksera alipokuwa anaangamiza mizabibu ya Ufaransa, waliokoa zabibu zao kwa kuzipandikiza juu ya mizizi ya mizabibu ya Marekani. Sisi tunaweza kuweka kichwa kipya juu ya mguu wa zamani kwa kisu na karatasi ya nailoni.

Baada ya mavuno, kata shina la zamani kimo cha goti hivi, kwa mkato wa mshazari ili maji yateremke, lakini acha shina moja lililosimama liendelee kulisha mizizi. Machipukizi yatatoka mengi. Chagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoachana, mengine yaondoe. Yakifikia unene wa penseli, yakate kichwa, pasua katikati sentimita tatu. Chukua kikonyo cha Batian cha unene uleule, kichonge kama kabari pande zote mbili, kiingize kwenye ufa gamba likutane na gamba, funga kwa ukanda wa nailoni, kisha funika kwa mfuko mwangavu na kuweka kivuli. Baada ya mwezi hivi, kikianza kuchipua, fungua mfuko kidogo kidogo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: kikonyo lazima kitoke kwenye chipukizi linalokua wima. Ukichukua tawi la pembeni, hata likishika, litaendelea kukua kwa upande maisha yake yote na hutapata mti, utapata tawi linalotambaa. Nimeona shamba zima lililoharibika hivyo, kazi ya siku nyingi.

Kikonyo kikishaanza kuzaa, toa lile shina la zamani. Kwa mzizi uliokomaa, mavuno hurudi mapema kuliko kwa mche mpya, na katika kipindi cha kungoja unaweza kubebesha mstari mmoja kila msimu ili usikose fedha zote kwa mwaka mmoja.

Siku ya kuchuma, kazi yote ya mlima iko mikononi mwako kwa saa chache tu. Chuma cheri nyekundu peke yake, urudi kwenye mti uleule baada ya siku kumi hivi. Mwaga kwenye gunia kivulini, toa mbichi, zilizokauka na zenye doa jeusi, hizo uzianike kando kama mbuni. Fikisha kiwandani siku hiyohiyo. Gunia lililolala nyumbani huanza kuchacha ndani ya ganda, na uchachu huo hautoki hata likioshwa kwa maji ya mto Thuchi wote.

Na wewe mwenyewe uonje. Nyumba nyingi za Meru na Embu zinauza kahawa maisha yote na kunywa chai. Chukua cheri kilo mbili za kipande cha juu na kilo mbili za cha chini, zimenye kwa mkono, loweka usiku mmoja au miwili mpaka utelezi uishe, osha, anika juu ya wavu wiki mbili. Twanga kwenye kinu taratibu, pepeta. Kaanga kila moja peke yake kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha, mpaka isikike ikipasuka kama bisi, kisha ngoja dakika moja au mbili ziwe kahawia, umwage kwenye ungo na kupunga zipoe. Siku ya pili saga, pima vijiko vilevile, maji yaleyale, bila sukari wala maziwa. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mama alikunywa cha juu, akanyamaza, akanywa cha chini, akarudia cha juu. Kisha akauliza ile kona ya juu iliyobaki tupu ingeingia miche mingapi.